Mpira wa Mkojo, Swala ya Mgonjwa na Saa za Mwanzo za Figo



Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara mbele ya kamati yetu ya msikiti, kutoka hapa Mji Mkongwe na kwa ndugu zetu wa mashamba, ni hili la mgonjwa aliyelazwa akatiwa mpira wa mkojo. Wengine huuliza iwapo swala yake inasihi. Wengine hawaulizi, bali huwa wameshaamua: mzee amekataa mpira kwa kuchelea najisi, na wanawe wamemuunga mkono wakiamini kuwa wanamhifadhia heshima yake na ibada yake. Jawabu la kifiqhi ni jepesi, na tutalifikia. Hata hivyo tumeona haitoshi kulijibu hilo peke yake, kwa sababu anayeukataa mpira aghalabu hajui daktari anatafuta nini katika ule mfuko unaoning'inia ubavuni mwa kitanda. Makala haya ni juu ya hicho kinachotafutwa.

Mwili unapoingiliwa na vijidudu, iwe kwa njia ya kidonda, mapafu, njia ya mkojo, tumbo, au kizazi baada ya mama kujifungua, kinga ya mwili hupambana navyo. Mara nyingine mapambano hayo hupindukia mpaka yakaanza kuviharibu viungo vya mwenye mwili mwenyewe. Hali hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita sepsisi. Presha ikiporomoka ikawa haisimami hata baada ya mgonjwa kuongezewa maji, ikahitajia dawa za kuikaza mishipa, huwa imefikia daraja ya mshtuko wa sepsisi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2020 ilikadiria kuwa katika mwaka 2017 pekee watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 wakafariki wakiwa nayo. Hicho ni takriban kifo 1 katika kila vifo 5 vya mwaka ule.

Huenda msomaji akadhani kuwa haya ni maradhi ya mbali. La hasha. Watu wa makamo wanazikumbuka zama ambazo kila homa hapa Unguja ilihesabiwa kuwa malaria mpaka ithibitike vingine. Alhamdulillah, kwa miaka mingi sasa malaria Zanzibar imeteremka, na wanaopatikana na vimelea wanapopimwa katika jamii wamekuwa chini ya 1 katika kila 100. Lakini mazoea ya akili hayateremki kwa kasi hiyo. Bado mtu hupimwa malaria, akaambiwa hana, akarejea nyumbani na Panadol kana kwamba kukosa malaria ni kukosa ugonjwa. Utafiti uliofanywa katika hospitali yetu ya Mnazi Mmoja na kuchapishwa mwaka 2015 ulichukua damu za wagonjwa wapatao 470 waliokuwa na dalili za maambukizi mwilini, na takriban 14 katika kila 100 walikutwa na bakteria ndani ya damu. Utafiti mwingine, wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kuwa homa ya matumbo ndiyo iliyoongoza miongoni mwa maambukizi ya damu. Na huko Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti walieleza mwaka 2007 kwamba miongoni mwa watoto waliolazwa, waliokuwa na bakteria katika damu walifariki kwa kiwango cha karibu 35 katika 100, ilhali wa malaria walikuwa karibu 20. Homa isiyo malaria, kwa hiyo, si habari ya kumtuliza mtu moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye figo. Figo mbili za mtu mzima kwa pamoja hazifikii nusu kilo, lakini hupokea kiasi cha sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Presha ikianguka, nazo hupungukiwa. Juu ya hayo, sumu za mapambano tuliyoyataja huviumiza vile vijimirija vyembamba ambamo mkojo hutengenezwa. Ndiyo maana katika mshtuko wa sepsisi nusu ya wagonjwa, au zaidi, hupata jeraha la ghafla la figo. Jeraha hili si lile la mtu mwenye kisukari ambaye figo zake zimechakaa kwa miaka. Hili huja kwa saa, na likiwahiwa, figo nyingi hurejea katika kazi yake. Likichelewa, mgonjwa huishia kwenye mashine ya kusafisha damu, au hafiki huko.

Tatizo ni kulijua mapema. Kipimo kilichozoeleka ulimwenguni kote ni kreatinini, taka inayotoka katika misuli ambayo figo huitoa nje kwa mkojo. Figo zikizembea, kreatinini hujikusanya katika damu. Ni kipimo chema, lakini ni cha kuchelewa. Figo huweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake kabla namba haijasogea kwa kiasi cha kumshtua mtu, na kusogea kwenyewe huchukua siku moja hadi mbili, pengine tatu. Katika sepsisi hali huwa mbaya zaidi, maana mgonjwa mahututi misuli yake hutoa kreatinini kidogo kuliko kawaida, na maji anayotiwa mshipani huizimua ile iliyopo. Namba inaweza kuonekana salama ilhali figo tayari zimeungua. Mtoto aliyekonda au bibi kizee mwenye misuli michache hufichika zaidi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wamekuwa wakitafuta viashiria vya awali, yaani chembechembe ambazo figo huzitoa pindi inapoumia, kabla haijashindwa kazi. Kilichopata umaarufu zaidi ni protini iitwayo kwa kifupi NGAL. Timu ya Dkt. Prasad Devarajan wa Cincinnati, Marekani, iliionesha kwanza katika wanyama mwaka 2003. Mwaka 2005 wakachapisha habari za watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Watoto 20 kati yao walipata jeraha la figo, na kreatinini ililifichua baada ya siku 1 hadi 3, lakini NGAL katika mkojo wao ilikuwa imepanda ndani ya saa 2. Mtu akisoma hayo huona kuwa kazi imekwisha.

Haikwisha, na hapa ndipo penye funzo kwa maradhi tunayoyazungumzia. Watoto wale walikuwa na saa inayojulikana ya kuumia, nayo ni saa ya upasuaji, na damu zao hazikuwa na vijidudu. Mgonjwa wa sepsisi hana saa hiyo. Hakuna anayejua figo zake zilianza kuumia alfajiri au juzi. Isitoshe, NGAL haitoki katika figo peke yake, bali hutolewa pia na seli nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi. Kwa hiyo katika sepsisi hupanda hata kwa mtu ambaye figo zake ni nzima, na daktari hubaki akijiuliza anasoma vita au anasoma jeraha. Mwaka 2013 ilichapishwa jozi nyingine ya protini za mkojo, TIMP-2 na IGFBP7, baada ya kupimwa kwa wagonjwa mahututi 728 wa Marekani ya Kaskazini na Ulaya, wakiwemo wa sepsisi. Hiyo ilitabiri vizuri zaidi nani ataumia figo kwa kiwango kikubwa ndani ya saa 12 zijazo. Marekani iliidhinisha kipimo chake mwaka uliofuata.

Lakini kutabiri si kutibu. Utafiti uliotuvutia zaidi ni wa Münster, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2017, kwa wagonjwa 276 wa upasuaji wa moyo ambao kipimo hicho cha jozi kilikuwa kimewaonesha kuwa hatarini. Nusu walihudumiwa kama kawaida, na kati yao karibu 72 katika 100 waliumia figo. Nusu ya pili walihudumiwa kwa uangalizi maalumu, na kiwango kikashuka hadi 55. Msomaji atadhani uangalizi huo ulikuwa wa dawa mpya ya thamani. Haukuwa hivyo. Ulikuwa ni kusimamia presha na maji kwa makini, kuepuka dawa zinazoumiza figo, kuangalia sukari, na kufuatilia kreatinini pamoja na kiasi cha mkojo. Wagonjwa hao hawakuwa wa sepsisi, kwa hiyo hatuwezi kuyahamisha matokeo yale neno kwa neno. Lakini yanaonesha wazi kuwa faida ya kiashiria ni kumwamsha mtu mapema afanye yale yale anayoyajua.

Katika hospitali zetu mgonjwa wa kawaida hategemei kupimwa jozi ya protini. Kuna juhudi za kutafuta kilicho rahisi. Huko Blantyre, Malawi, watafiti walijaribu kijikaratasi kinachochovywa katika mate na kubadilika rangi kufuatana na wingi wa urea. Kiliwatambua wagonjwa walioumia sana, lakini wengi wenye jeraha jepesi kiliwapita. Basi kinachobaki mkononi mwetu leo hii, usiku huu, katika wodi yoyote ya Unguja, ni mkojo wenyewe na saa ya ukutani.

Wala tusiudharau. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuwekea mkojo nafasi kubwa katika kitabu chake cha Al-Qanun, akaeleza rangi yake, uzito wake, masimbi yake, harufu yake na kiasi chake. Tiba ya leo imeacha mengi aliyoyasema, lakini hilo la kiasi halijaachwa. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2012 inasema kuwa mtu akitoa mkojo chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, hali hiyo ikaendelea kwa saa 6, basi hilo peke yake latosha kuhesabiwa jeraha la figo, hata kreatinini ikiwa bado haijapanda. Kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 30 kwa saa, yaani vijiko viwili vya chakula. Kwa saa 6 ni mililita 180, ambazo ni kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Mgonjwa mwenye homa kali ambaye tangu Adhuhuri hadi Magharibi hakutoa hata kikombe hicho, mwili wake unatoa habari ambayo maabara huenda isiitoe mpaka kesho.

Tuseme pia upungufu wa alama hii ili tusimpotoshe mtu. Mkojo hupungua kwa mtu aliyekosa maji tu, na wapo ambao figo zao zimeumia na bado wanakojoa vizuri. Kwa hiyo mkojo hausimami mahali pa kipimo cha damu. Hivyo viwili huenda pamoja. Lakini mkojo usiopimwa hausemi chochote, na huu ndio msiba tunaoutaka uishe.

Mtu mahututi aliyechanganyikiwa hawezi kukojoa katika chombo kila saa. Njia ya kuupima ni mpira. Basi turudi kwenye fiqhi. Mgonjwa mwenye mpira hukmu yake ni ya mwenye hadathi ya kudumu, mlango ambao wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameueleza tangu zamani, kabla mpira wa namna hii haujajulikana. Husubiri wakati wa swala ya faradhi uingie, akatawadha au akatawadhishwa, kisha akaswali bila kuchelewa, na mkojo unaotoka bila ya hiari yake haumvunjii swala hiyo. Faradhi inayofuata ana udhu wake mwingine. Maji yakimdhuru, hutayamamu. Akishindwa kusimama hukaa, akishindwa kukaa hulala, akishindwa hilo huashiria. Mwenye suala la ndani zaidi, kama la najisi iliyomo mfukoni au la kurejea swala baada ya kupona, amuendee sheikh wake. Lakini hatujapata kusikia kwa mwanachuoni yeyote kuwa mgonjwa aikatae tiba ambayo daktari mwaminifu anaihitajia kumwokoa, ili asije akapata tabu katika tahara. Na mgonjwa aliyetokwa na fahamu hana swala ya kumhofia katika hali hiyo.

Liko jambo jengine ambalo hufanywa kwa mapenzi matupu. Binti anakaa na mama yake usiku kucha. Asubuhi kabla ya madaktari kupita anaumwaga mfuko wote, anausafisha, anamfunika mama yake kanga mpya, ili wageni wamkute katika sitara. Sitara ni njema. Lakini pamoja na mkojo ule imemwagwa habari ya usiku mzima. Ndugu zetu mnaolaza wagonjwa, msimwage kabla hamjasoma mistari ya pembeni ya mfuko. Andikeni saa na kiasi katika karatasi, mkampe muuguzi. Ikiwa hakuna mpira, tumieni chombo kimoja kile kile, na muandike vivyo hivyo. Wauguzi wetu ni wachache kwa wagonjwa wengi, na jicho la jamaa aliyekaa kitandani ndilo lisilohama.

Na msiwashurutishe watoe dripu. Wengi wetu tunaamini kuwa mgonjwa asiyetundikiwa maji hakutibiwa, na kuwa figo zisizotoa mkojo dawa yake ni maji zaidi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mkubwa wa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko, uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Muheza mkoani Tanga, na hospitali nne za Uganda, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Waliotiwa maji mengi kwa haraka walifariki kwa kiwango cha zaidi ya 10 katika 100 ndani ya saa 48, na ambao hawakutiwa hivyo walikuwa 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Kisha Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye sepsisi na presha iliyoshuka, matokeo ya mwaka 2017 yalionesha vifo 48 katika 100 kwa waliopewa maji na dawa za presha kwa utaratibu wa haraka, na 33 kwa waliopewa huduma ya kawaida. Watoto wa kuharisha hawakuwa katika utafiti wa Kilifi na Muheza, kwa hiyo mtu asimnyime mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari kwa kuyasoma haya. Tunachosema ni kuwa kiasi cha maji ni uamuzi wa daktari, na ili auamue vyema anahitaji kujua yameingia mangapi na yametoka mangapi. Ule mfuko tena.

Kuhusu dawa tutasema machache. Mwenye homa kali na udhaifu asipewe diklofenaki wala ibuprofeni za dukani bila ya kuulizwa daktari, maana huzibana figo wakati ule ule zinapokosa damu. Na dawa za miti zisizojulikana vipimo vyake zikae kando kwa siku hizo, hata kama babu alizitumia akapona.

Kabla ya yote hayo ni kutambua wakati wa kuondoka nyumbani. Pumzi zikifika 22 au zaidi kwa dakika, mgonjwa akaanza kusema maneno yasiyoeleweka au kusinzia mno, mikono na miguu ikawa baridi ilhali kifua kinawaka, au haja ndogo ikakatika, msingoje asubuhi. Kwa waliopo Nungwi hospitali ni Kivunge, kwa waliopo kusini ni Makunduchi, na wa mjini wanajua njia. Chukueni pamoja nanyi vyeti vyake vya zamani. Mwenye presha au kisukari aghalabu alipimwa kreatinini miezi iliyopita, na namba ile ya siku za uzima ndiyo kipimo cha kulinganishia namba ya leo. Kreatinini moja pekee, bila ya mwenziwe, ni nusu ya habari. Tumeona vyeti hivyo vimefungiwa vitafunio.

Mwisho ni habari ya mfuko wa misaada wa msikiti. Maombi yanayotufikia kwa wagonjwa wa figo karibu yote ni ya hatua ya mwisho: gharama za kukaa na mgonjwa anayesafishwa damu Mnazi Mmoja, au tiketi ya boti na malazi kwa anayepelekwa Muhimbili. Hatutaacha kuyasaidia hayo. Kusafisha damu kwa muda huokoa watu. Hospitali ya KCMC kule Moshi tangu mwaka 2009 imekuwa ikiwasafisha wagonjwa wa jeraha la ghafla kwa kupitisha maji tumboni, bila ya mashine kubwa, na wapo waliorejea makwao wakiwa na figo zao. Lakini shilingi inayotolewa siku ya kwanza hufika mbali kuliko ile ya siku ya kumi. Kwa hiyo kikao cha kamati cha mwezi huu kimekubaliana kutenga fungu dogo kwa ajili ya mambo mawili tu: nauli ya gari ya usiku kwa mgonjwa mwenye dalili tulizozitaja, na malipo ya kipimo cha damu pale kinapopatikana katika maabara ya binafsi peke yake. Halihitaji barua wala kikao. Anayehitaji, mwanamume au mwanamke, amtume mtu na cheti cha daktari, au aje bila ya cheti ikiwa ni usiku. Mwekahazina yupo msikitini baina ya Magharibi na Isha kila siku, na baada ya hapo imamu anajua nyumba yake.